Kifuniko

Saa kumi na moja alfajiri vidole vyangu havijaamka.
Mimi niko macho, vyenyewe vimelala
vimejikunja kama vitoto vya paka,
na ukivigusa vinalia.
Nasubiri. Baridi yabisi ina ratiba yake:
saa nzima kabla goti halijakubali ngazi,
nusu saa tena kabla kifungo hakijakubali tundu.
Binti yangu husema, "Mama, ni hii Julai ya Nairobi."
Daktari alisema si Julai.
Alisema ni askari wangu mwenyewe wa mwilini,
wamegeuka usiku, wanaivunja nyumba waliyopewa kuilinda.
Nilimwelewa upesi.
Mtaani kwetu tunao askari wa namna hiyo.

Miaka ishirini na mitatu nimeshona sare za shule.
Nilikuwa natia uzi sindanoni nikibishana bei na mteja,
bila kuangalia.
Siku hizi mjukuu ndiye hunitilia kabla ya kwenda shule:
sindano sita, nazichomeka kwenye sponji,
na zikiisha nyuzi, siku imeisha.

Jumanne ni ukumbi wa Jericho.
Tunaingia polepole, saba,
Nyanchama na fimbo yake,
Akeyo na raba za mwanawe,
Bi Zuhura na leso mbili, moja ya kukalia, moja ya kustiri magoti.
Nilidhani yoga ni ya wasichana wa Lavington
wanaojifunga fundo huku wakitabasamu.
Kumbe ni viti vya plastiki.
Kumbe ni kuketi wima na kuvuta pumzi
mpaka ifike pale kilio huanzia,
kisha kuiachilia iende zake.

Kerubo, mwalimu wetu, hapazi sauti.
"Inua mkono. Ukifika panapouma, rudi nyuma kidogo. Kaa hapo."
Kaa hapo!
Nani aliwahi kuniambia nikae hapo?
Mimi nimeambiwa jikaze.
Jikaze uzae, jikaze uzike,
jikaze gunia lifike ghorofa ya nne.

Tunafungua kiganja, kidole baada ya kidole,
kama anayehesabu pesa za kodi akiomba zizidi.
Tunasimama mti, mguu mmoja, mkono ukutani.
Akeyo anasema yeye si mti, ni nguzo ya stima,
imeinama na imejaa nyaya za wizi.
Tunacheka mpaka msitu wote unaanguka.
Siku magoti ya Zuhura yalipofura kama mahamri
alifanya zoezi la macho tu, funga, fungua,
na Kerubo akamhesabia mpaka kumi, kama wengine.

Jumanne iliyopita Kerubo aliondoka mapema, mtoto ana homa.
Alituachia chupa ya chai,
imefungwa na kijana wa ukumbi
mwenye mikono ya kukaza nati za lori.
Wanawake saba, vidole sabini,
kifuniko kimoja.
Nyanchama alijaribu. Nilijaribu.
Akeyo alikitukana kwa Kijaluo, hakikusikia.
Kijana alikuwa pale nje, anafagia majani.
Hakuna aliyemwita.

Zuhura akaondoa leso magotini,
akakizungushia kifuniko,
akasema kwa sauti ya Kerubo kabisa:
"Viganja, si vidole. Vuteni pumzi."
Nyanchama akaikumbatia chupa kifuani
kama mtoto anayechanjwa.
Viganja vya Zuhura, juu yake vyangu, juu yangu vya Akeyo.
Pakauma.
Tukarudi nyuma kidogo. Tukakaa hapo.
Tukasukuma tena, si kwa nguvu, kwa uzito wetu tu,
nao si haba.
Kikalia kwii.

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, sukari kidogo mno.
Hatukuinywa mara moja.
Tulishika vikombe kwa viganja vyote viwili,
vifundo vikiota moto,
kimya, kama watu walio msikitini, au benki.

Najua kesho saa kumi na moja vitakuwa vimelala tena.
Lakini kifuniko hatukukirudishia.
Chai iliyobaki ilipoa hivyo hivyo, wazi, juu ya meza.